Kabla hujaacha ugali, jua keto inafanya nini mwilini

Ukitaka kujaribu keto, yaani lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo sana, anza kuhesabu unga. Wengi wanaoniuliza hapa Kibirizi, Kigoma, wanataka kujua watumie mawese kiasi gani, au kama parachichi linaruhusiwa, nami huwauliza kwanza: nyumbani kwenu kilo moja ya unga mnakula watu wangapi?

Kwetu ni watano. Mizani ninayopimia dagaa ndiyo niliyoipeleka jikoni, na hesabu ikatoka hivi: kilo moja kwa watu watano ni gramu 200 za unga kwa kila mtu. Unga mkavu, uwe wa muhogo au sembe, una wanga karibu gramu 80 katika kila gramu 100. Kwa hiyo sahani moja ya mchana inabeba wanga kama gramu 160, na bado hujagusa chai ya asubuhi wala wali wa usiku. Keto kwa kawaida inataka usivuke gramu 20 hadi 50 kwa siku nzima. Lishe ya wanga kidogo, ambayo watu wengi huiita keto kimakosa, inakomea chini ya gramu 130. Kwa hiyo mtu anayekwambia yuko keto ila anakula "kaugali kadogo" mchana na jioni, hayuko keto. Huenda anapata faida, lakini faida hiyo haitoki kwenye ketoni, yaani nishati ambayo ini linatengeneza kutokana na mafuta wanga ukikosekana.

Mimi nimeingia kwenye mambo haya kwa sababu ya mama mdogo, tunayeishi naye Mwanga, hapahapa Kigoma. Alipoambiwa ana kisukari, simu yake ilijaa klipu. Huyu anasema sukari inaisha kabisa ukiacha wanga, yule anasema keto inaua figo, wa tatu ana kopo la unga wa kuyeyusha mafuta, utume pesa kwanza. Mimi si daktari, nauza dagaa na migebuka mikavu. Ila nyumbani palikuwa na kitabu cha baiolojia cha sekondari, nikaanza na sura ya homoni. Huo ndio mpangilio ninaoushauri mpaka leo: elewa kwanza mwili unavyofanya kazi, kisha soma majaribio yaliyofanywa kwa watu, halafu ndiyo usikilize shuhuda. Ukianza na shuhuda utamwamini mwenye sauti nzuri.

Tuanze na mwili basi. Wanga ukishasagwa tumboni unageuka glukosi na kuingia kwenye damu. Damu yote ya mtu mzima, lita karibu 5, kwa kawaida ina glukosi kama gramu 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Sahani ile ya gramu 160 inaingia humo kidogokidogo, na kongosho inatoa insulini ili glukosi iende kwenye misuli, kwenye ini na kwenye mafuta. Insulini ina kazi nyingine ambayo ndiyo kiini cha hoja nzima ya keto: ikiwa juu, inazuia mafuta yasitolewe kwenye akiba ya mwili. Ikishuka, mafuta yanaachiliwa.

Akiba ya glukosi inaitwa glikojeni. Ini linahifadhi kama gramu 100, misuli kama 400. Ya kwenye misuli hairudi kwenye damu, inatumika hapohapo. Ya ini ndiyo inayolisha mwili mzima ukiwa umelala. Ni sawa na unga ulioko kwenye kopo la jikoni, ambao unaisha upesi, wakati mafuta ya mwili ni magunia yaliyoko stoo. Usipokula wanga kwa siku moja au mbili, kopo linaisha. Hapo ini linaanza kuyachoma mafuta kwa wingi na kutengeneza ketoni. Ajabu ni kwamba ini lenyewe haliwezi kuzitumia. Linazitengenezea ubongo, moyo na misuli. Ubongo unatumia glukosi karibu gramu 120 kwa siku, nao hauwezi kuchoma mafuta moja kwa moja, ndiyo maana ketoni zinahitajika. Miaka ya 1960 daktari wa Marekani George Cahill aliwapima watu waliofunga kula kwa wiki kadhaa, akaonyesha kwamba ubongo wao ulikuwa unapata sehemu kubwa ya nguvu zake kutoka kwenye ketoni. Glukosi iliyobaki ini huitengeneza lenyewe, kwa kutumia protini na sehemu ya mafuta. Kwa hiyo anayekwambia bila ugali ubongo unakufa hajui fiziolojia, na anayekwambia mwili hauhitaji glukosi kabisa naye hajui.

Sasa lile jambo la kilo mbili au tatu zinazopotea wiki ya kwanza, ambazo watu huzipiga picha kwenye mizani. Kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na maji kama gramu 3. Ukiimaliza glikojeni, maji yanatoka. Tena insulini ikishuka, figo zinaachia chumvi, na chumvi inaondoka na maji mengine. Mafuta yaliyopungua wiki hiyo ni kidogo, na siku ukila ubwabwa kwenye harusi ya Ujiji kilo zinarudi asubuhi yake. Usihuzunike, wala usitangaze ushindi mapema. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na uchovu wa siku za mwanzo kunatokana kwa kiasi kikubwa na chumvi na maji hayo yaliyopotea. Mchuzi wenye chumvi husaidia, isipokuwa kama una presha au ugonjwa wa moyo. Hapo usijiongezee chumvi bila kumuuliza daktari. Mdomo nao unaweza kutoa harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ni asetoni, mojawapo ya ketoni, inayotoka kwa pumzi. Mama mdogo alidhani meno yameoza.

Majaribio kwa watu ndiyo yaliyonifanya nipunguze mbwembwe. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba lishe ya keto ilianza kama tiba ya kifafa. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo ili kuiga hali ya kufunga, kwa sababu ilishajulikana kwamba kufunga kunapunguza degedege. Dawa za kifafa zilipoongezeka, lishe hiyo ikasahaulika kwa miaka mingi. Mwaka 2008 jaribio la Uingereza kwa watoto 145 ambao dawa zilikuwa hazijawasaidia lilionyesha kwamba asilimia 38 ya waliopewa lishe hiyo degedege lilipungua kwa zaidi ya nusu, dhidi ya asilimia 6 ya wale ambao hawakupewa lishe hiyo. Hapo ushahidi ni mzito. Lakini lishe hiyo hupimwa kwa gramu na kusimamiwa na wataalamu, haipikwi kwa kukisia. Mwenye mtoto wa kifafa asimwachishe dawa kwa sababu amesoma aya hii.

Kwenye uzito, hadithi inapoa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na Christopher Gardner walichapisha jaribio la watu 609 kwa mwaka mzima. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, na tofauti hiyo kitakwimu haihesabiki. Makundi yote mawili yaliambiwa yaache sukari na unga uliokobolewa, na kula mboga za kutosha. Jaribio lingine lililonishtua ni la mwaka 2021, la mtafiti wa Marekani Kevin Hall na wenzake. Waliwaweka watu 20 ndani ya kituo, wiki mbili kwa lishe ya keto na wiki mbili kwa lishe ya mimea yenye mafuta kidogo, kila mtu akila mpaka ashibe. Kwenye lishe ya mimea, yenye wanga tele na insulini juu zaidi, walikula pungufu kwa karibu kalori 700 kwa siku. Kama insulini pekee ndiyo ingekuwa inanenepesha, matokeo yangekuwa kinyume. Kwa hiyo mtu akiniambia keto inapunguza mwili, nakubali, inawapunguza wengi. Akiniambia ndiyo njia pekee, namuuzia dagaa wake tunaachana.

Kwa kisukari cha aina ya pili kuna mengi ya kusema. Mwaka 2021 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilitoa uchambuzi wa majaribio 23 ya lishe ya wanga kidogo. Baada ya miezi 6, asilimia 57 ya waliopunguza wanga walikuwa wameshusha sukari yao chini ya mpaka wa kisukari, dhidi ya asilimia 31 ya waliokula lishe nyingine. Ni tofauti kubwa. Ila wengi walikuwa bado wanatumia dawa, na kufikia miezi 12 tofauti hiyo ilikuwa imefifia. Sababu naiona nyumbani kwangu: kushika kwa miezi 6 ni rahisi kuliko mwaka mzima wenye misiba, sikukuu na wageni wasiokubali kula mboga tupu.

Ndiyo maana sisi hatukuchagua keto. Tulichagua wanga kidogo. Ugali wa mama mdogo tumeupunguza nusu, gramu 80 za wanga hivi, mara moja kwa siku, nafasi iliyobaki ikajazwa mgebuka, matembele na mchicha. Chai bila sukari ilileta ugomvi kuliko yote. Soda ilitoka siku ya kwanza bila mjadala. Maharage tumeyaacha sahanini, kwa sababu japo yana wanga, yana nyuzinyuzi na yanapandisha sukari polepole. Keto halisi ingetunyima maharage, ndizi za kupika, muhogo, viazi na maembe, na mimi sioni familia ya Kigoma inayoishi hivyo mwaka mzima kwa furaha.

Mawese mnayaulizia sana. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na hiyo ni sifa ya kweli. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni mafuta mgando, na baadhi ya watu wakiingia keto kolesteroli mbaya inapanda sana. Kijiko cha kuungia mboga kinatosha. Habari ya kunywa mawese kikombe asubuhi niliiona kwenye klipu, na anayeifanya namshauri apime kolesteroli kabla, apime tena baada ya miezi mitatu, aone mwenyewe.

Sasa nisikilizeni kwa makini wenye dawa. Mama mdogo alikuwa anameza glibenklamidi, dawa inayolazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala wanga. Tulipotaka kupunguza ugali tulikwenda kliniki kwanza, na nesi akamwita daktari, dozi ikapunguzwa siku hiyohiyo. Tungepunguza chakula na kuacha dozi ilivyo, sukari ingeweza kushuka mpaka azimie. Anayechoma insulini yuko kwenye hatari hiyohiyo. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, peke yake haina hatari kubwa ya kushusha sukari kupita kiasi, ila uliza tu. Anayetumia dawa za kisukari za kundi la dapagliflozini asiguse keto bila daktari, kwa kuwa zinaweza kuleta ketoasidosisi, hali ya hatari ya ketoni kuzidi mno kwenye damu, hata sukari ikisoma vizuri. Ketoni za lishe kwa kawaida hukaa kati ya milimoli 0.5 na 3 kwa lita. Kwenye ketoasidosisi zinaweza kuvuka 10 na damu ikawa na tindikali. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa figo wasijipangie wenyewe.

Na mnunue stripu za kupimia sukari. Pima kabla ya kula, pima tena saa mbili baada ya kula, andika kwenye daftari ulikula nini. Mama mdogo aligundua kwamba ndizi mbivu zinampandisha kuliko alivyodhani, na uji wa asubuhi kuliko ndizi. Hakuna klipu ingemwambia hivyo.

Mwisho, hesabuni na msimu. Chakula hiki kinasimama juu ya samaki, na samaki wa hapa hawapatikani mwaka mzima kwa bei moja. Kwenye mwezi mpevu wavuvi wa taa hawaingii ziwani kwa siku kadhaa, na dagaa wanapanda bei. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na waliokuwa wamepunguza ugali bila kuwa na akiba walirudi kwenye ugali mkubwa na chumvi. Sisi tulikuwa na viroba viwili vya dagaa waliokauka vizuri, mayai ya jirani, na maharage ya Kasulu. Mkisikia ziwa linafungwa tena, nunueni dagaa mapema, waliokauka mpaka wanavunjika mkononi. Wale wanaokunjika bado wana maji, na watawaozea.