Usiku mmoja wa Boston, mashahidi watatu

Mhariri, mmeuliza historia ya Marekani ifundishweje ili wanafunzi wasiishie kukariri tarehe. Punguzeni mada, muwape ushahidi unaogongana. Kwa kuanzia, hakuna tukio linalofaa kama mauaji ya Boston, mji uliokuwa bado chini ya ukoloni wa Uingereza, ya Machi 5, 1770, askari wa Uingereza walipoufyatulia umati risasi na watu 5 wakafa.

Kipindi cha dakika 40 kinatosha, wanafunzi wakiwa wannewanne. Dakika 10 za kwanza ziwe za mchoro wa tukio hilo uliotolewa na Paul Revere, fundi fedha wa Boston aliyepinga utawala wa Uingereza, bila maelezo ya mwalimu. Waandike wanachokiona kwanza, maoni baadaye. Watamwona kapteni nyuma ya askari, upanga juu, kama anayetoa amri. Raia hawana silaha. Kwenye jengo la forodha pana kibao cha “Ukumbi wa Mchinjaji”. Theluji haipo.

Ndipo mgawe maelezo ya Kapteni Thomas Preston, kamanda wa askari hao, aliyoyaandika akiwa mahabusu. Yeye anadai alisimama mbele ya mitutu, huku askari wake wakirushiwa mabonge ya theluji na kupigwa virungu. Toeni aya moja tu, iliyorahisishwa bila kugusa madai yake. Kiingereza cha karne ya 18 kikiachwa kilivyo kitameza kipindi kizima.

Hapa ndipo somo huharibika. Wapo watakaosema Revere ni mwongo, na wapo watakaosema kila mtu anavutia kwake, kwa hiyo ukweli haujulikani. Msikubali lolote kati ya hayo. Ulizeni: mchoro uliotoka wiki tatu hivi baada ya vifo ulitaka mnunuzi ahisi nini? Mtu anayekabiliwa na kitanzi ana sababu gani ya kujiweka mbele ya bunduki? Wawili hawa wanakubaliana wapi? Kisha leteni shahidi wa tatu, Richard Palmes, aliyekuwa ameweka mkono begani mwa Preston: alisikia neno “piga”, asijue limetoka kwa nani. Darasa likifika hapo, mabishano huwa ya kweli.

Hukumu isitajwe mapema, la sivyo watatafuta ushahidi wa kuitetea. Mwishoni waambieni: John Adams, aliyekuja kuwa Rais wa pili, aliwatetea washtakiwa, Preston na askari 6 wakaachiwa, 2 wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Kazi ya nyumbani ni moja: Crispus Attucks, mwenye asili ya Kiafrika na ya Wenyeji wa Amerika, aliuawa usiku ule. Kwa nini hatambuliki kwenye mchoro wa Revere?