Mjomba, niuze vipande vyangu nilipe kausha damu?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi ni mwalimu wa msingi hapa Ujiji, nina miaka 47. Kijana wangu alipata chuo Dodoma, bumu, ule mkopo wa serikali wa wanachuo, halikutosha, nikakopa laki tano ya kausha damu kwa jamaa mmoja pale Mwanga, riba asilimia 20 kwa mwezi na kadi yangu ya benki anayo yeye. Mwezi wa saba huu napeleka laki moja moja na deni liko palepale. Huku benki nakatwa mkopo mwingine mpaka 2028. Nina vipande UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama milioni 2.4, nilikuwa nanunua kidogo kidogo vya uzeeni, baba watoto hataki viguswe, anasema niongeze mkopo benki nimalize yote. Mashoga zangu wao wanasema vumilia, mafao yakitoka utalipa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwalimu. Uza. Sio vyote, uza vya laki tano tu, na wiki hii kama inawezekana.

Baba watoto namwelewa, anaona vipande ndo uzee wenu, ila hebu kaeni na karatasi. Hata tuseme mfuko wako unakua asilimia 15 kwa mwaka, hiyo milioni 2.4 yote inakuletea laki tatu na sitini, yaani elfu 30 kwa mwezi. Jamaa wa Mwanga anachukua laki moja kwa mwezi kwa laki tano tu! Ushampa laki saba na bado anakudai tano. Sasa hapo unawekeza nini mpwa wangu, unamwekezea yeye.

Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu kwa mkopeshaji wa namna hiyo, nikaona kadi za watu zimefungwa raba kama karata, nyuma ya kila moja kipande cha plasta kimeandikwa namba ya siri kwa peni. Mshahara ukiingia yeye ndo anatoa wa kwanza halafu mwenye hela anapewa chenji. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, kwa hiyo muulize yake iko wapi, ila muulize ukishapata kadi yako mkononi.

Mkopo wa benki uache uende wenyewe. Kuongeza maana yake unafungua mwingine mrefu, unaweza ukajikuta 2028 uliyokuwa unaisubiri imegeuka 2033 na una miaka hamsini na kitu bado unakatwa, na ile hela ya juu inayobaki mkononi tunajua inavyoyeyuka, mara bati, mara harusi Kasulu.

Na hao mashoga wa mafao wasikudanganye kabisa. Zamani watu wa PSPF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, walikuwa wanapewa nusu ya mafao kwa mkupuo, 2022 ikawa asilimia 33, bajeti ya 2024 ndo ikapandisha mpaka 40 kwa kundi hilo, inayobaki unalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Mi nimeona wastaafu hapa Kigoma mkupuo umeishia kwenye madeni, mzee anarudi kuuza dagaa asubuhi na mgongo ushamshinda.

Ukishamaliza deni ile laki moja usiizoee, mshahara ukiingia tu iende UTT kabla hujapita sokoni. Miezi mitano ushavirudisha vipande vyako, na una miaka 13 mbele kufika 60, endelea hivyohivyo. Ada ya kijana muhula ujao mkae muipange mapema, hata kikoba kitakukopesha kwa riba ya kibinadamu.

Siku ya kulipa nenda na baba watoto, mkopeshaji aandike amepokea yote na asaini. Kadi ukiishika tu pitia ATM ubadilishe namba ya siri, kabla hujapanda bajaji ya kurudi Ujiji.