Hela ya Mtoto Ihesabiwe Mbele Yake

Tangu shule zifunguliwe, maswali yanayonifikia kutoka Arusha na Moshi yamekuwa ya aina moja: mtoto mdogo afundishwe vipi mambo ya fedha, na kazi hiyo ni ya shule au ya nyumbani? Nimechagua machache na kuyafupisha.

Habari za kazi, mwalimu. Nafundisha darasa la pili hapa Njoro, Moshi. Watoto ni wengi, vipindi havitoshi, na hakuna somo linaloitwa fedha. Nilichomeke wapi? (Mwalimu wa kike)

Nzuri, mwalimu mwenzangu. Huhitaji kipindi kipya. Fedha imo tayari ndani ya somo la kuhesabu. Shida ni kwamba tunaandika ubaoni "sh. 700 kutoa sh. 450", mtoto anakopa na kutoa, anapata jibu, na hajagusa hata sarafu moja.

Anza na sarafu zenyewe. Ya 50 ina kifaru, ya 100 ina swala, ya 200 ina simba, ya 500 ina nyati. Mtoto ambaye namba bado zinampa taabu huitambua sarafu kwa mnyama wake, na hapo ndipo penye somo zuri kuliko lolote lililomo kitabuni. Simba wa 200 yupo tena kwenye noti ya 2,000. Kifaru wa 50 yupo tena kwenye noti ya 5,000. Waulize: simba huyu na simba yule, yupi ananunua daftari na yupi ananunua andazi? Utaona nyuso zinavyobadilika. Halafu weka mezani sarafu tano za 100 upande mmoja, na sarafu moja ya 500 upande wa pili, uwaambie wachague. Wadogo wengi watakimbilia penye tano. Usiwacheke wala usiwasahihishe haraka. Waache wanunue kwa zile tano, kisha wanunue kwa ile moja, wagundue wenyewe kwamba vitu walivyopata ni vilevile.

Baada ya hapo fungua duka la darasani. Maboksi matupu ya chai na sabuni, hela za karatasi za maboksi, na watoto watatu watatu: muuzaji, mnunuzi, na wa tatu anayehakiki. Mara mojamoja mnong'oneze muuzaji arudishe chenji pungufu. Lengo ni mnunuzi azoee kuhesabu kabla hajaondoka dukani, na azoee kusema kwa adabu, "Shikamoo mama, chenji haijatimia." Watoto wetu tumewalea kuwaheshimu wakubwa, na ni vyema, lakini wengi hufika nyumbani na upungufu kwa sababu waliogopa kumwambia mtu mzima kwamba amekosea. Wakishaigiza darasani, dukani kweli ulimi hauwi mzito. Wafundishe pia kurudisha chenji iliyozidi. Na muuzaji akisema hana chenji, achukue pipi, wajue wanaruhusiwa kukataa: "Naomba mama aje aifuate baadaye."

Kwa darasa kubwa, duka moja halitoshi. Fungua kumi kwa wakati mmoja. Kutakuwa na kelele, na mwalimu mkuu atachungulia. Mkaribishe anunue.

Mwanangu ana miaka sita. Nimesikia kwamba akifika saba tabia zake za fedha zimeshakamilika, hazibadiliki tena. Je, nimechelewa? (Mzazi, Sakina, Arusha)

Hapana. Maneno hayo yanatokana na ripoti ya mwaka 2013 ya watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Whitebread na Sue Bingham. Walichosema ni kwamba misingi mingi ya tabia hizo hujengwa mapema: kusubiri, kupanga, kuelewa kwamba kitu kikishatumika kimekwisha. Hawakusema kwamba mlango unafungwa siku ya kuzaliwa ya saba. Kilichomo humo cha kukusaidia ni kwamba misingi hiyo haihitaji hata kutaja hela. Mtoto anayepanga jioni nguo zake za kesho, au anayebakiza nusu ya muwa kwa ajili ya baadaye, yuko darasani tayari.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la tatu alikuwa na kibubu. Januari nilibanwa na sare na michango, nikakivunja akiwa hayupo. Tangu hapo hataki kuweka hata mia. Akipata anakula siku hiyohiyo. Shuleni wanasema hana nidhamu ya fedha. (Mama, Pasua, Moshi)

Marahaba, mama. Mtoto wako hakukosa nidhamu. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi: hela iliyowekwa imeondoka, hela iliyoliwa imemshibisha. Akili yake inafanya kazi vizuri kabisa.

Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2013 na Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Walichukua watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Kila mmoja aliahidiwa na mtu mzima vifaa vizuri zaidi vya kuchorea kama angesubiri. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi. Kisha wote wakapewa peremende moja na kuambiwa: ukisubiri bila kuila, utapata ya pili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3. Ilitosha ahadi ndogo iliyovunjwa muda mfupi tu kabla ya hapo.

Nikisoma hayo naikumbuka Desemba ya hapa kwetu Kilimanjaro. Wajomba na mashangazi wanapanda kutoka Dar es Salaam na Mwanza, mabasi yamejaa, migombani kuna moshi wa nyama, na mtoto anazunguka akisalimia, kila salamu ina elfu moja au mbili. Jioni mama anamwambia, "Lete nikutunzie." Mtoto analeta. Februari akiuliza, anaambiwa, "Kwani chakula unachokula kinatoka wapi?" Jibu hilo nalichukia kwa dhati. Kumlisha mtoto ni wajibu wetu, wala si deni ambalo yeye analilipa kwa hela aliyopewa na shangazi yake.

Sasa ufanye nini? Mkalishe chini, mwambie kiasi ulichochukua na ulichokinunua. Mwambie utarudisha, na utaje kiasi unachokiweza: hata sh. 500 kila Jumamosi. Andika kwenye karatasi, ibandike ukutani, na kila Jumamosi mpe mkononi, aitie mwenyewe, afute mstari mwenyewe. Usiruke Jumamosi hata moja. Ukibanwa, mpe 200 na umwambie zilizobaki utazimalizia lini. Deni likiisha, muulize kama anataka kibubu kingine. Akikataa, msubiri. Na kama siku nyingine utabanwa tena, maana maisha ndivyo yalivyo, mwombe kwanza: "Nikopeshe elfu tatu, nitakurudishia mwisho wa mwezi." Atakapoona mkubwa anakopa kwa kuomba na analipa kwa wakati, amejifunza mkopo kabla hajafika umri wa kukutana na kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa.

Je, nimlipe mtoto kwa kuosha vyombo na kufagia uwanja? (Baba, Kaloleni, Arusha)

Kazi za nyumbani ni za kila anayeishi humo. Usilipe. Kazi ya ziada ambayo ungemwita kijana wa mtaani na kumlipa, hiyo mnaweza kupatana bei, na mkishapatana ulipe siku hiyohiyo.

Shuleni kwetu tunataka kuanzisha klabu ya akiba. Kila Ijumaa mtoto alete anachoweza, mwalimu atunze. Wazazi wengine wana wasiwasi. Unatushauri nini? (Mwalimu mkuu, Arusha)

Wasiwasi wa wazazi uheshimu, mwalimu. Hela ya watoto ikichanganyika na hela ya karatasi za mitihani au ya chaki, hata kwa siku mbili, mmeshaharibu. Kila mtoto awe na kidaftari chake kinachokaa nyumbani, mbali na daftari kuu la shule. Ijumaa anahesabu mbele ya mwalimu, anaandika mwenyewe, mwalimu anasaini. Sanduku liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu, mwingine kwa mjumbe wa wazazi. Halafu mwisho wa muhula kila mtu apewe chake, mkononi, bila makato ya aina yoyote.

Hili la kuwapa mkononi walimu wengi huliogopa, wakidhani watoto watamaliza yote kwa ubuyu na barafu. Uganda lilijaribiwa katika shule za msingi 136. Baadhi ya shule watoto walirudishiwa akiba yao kwa fedha taslimu, nyingine walipewa hati ya kununulia vifaa vya shule tu. Watoto waliweka zaidi pale walipojua watapewa fedha yenyewe. Na pale ambapo wazazi pia waliitwa na kuelimishwa, vifaa vya shule vilinunuliwa na alama zikapanda. Kwa hiyo waite wazazi siku ya kugawa, wakae na watoto wao, waamue pamoja.

Akiba ikikua, benki za CRDB na NMB zina akaunti za watoto. Mzazi aende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chake mwenyewe. Mkipata nafasi ya kushuka Moshi, wapelekeni wakubwa wa darasa la sita Chuo Kikuu cha Ushirika. Mkoa wa Kilimanjaro una KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, tangu 1933, na wazee walipeleka kahawa ikapimwa mbele ya macho yao. Watoto waelewe kwamba utunzaji wa hela ya wengi ulianza huku zamani, na ulisimama au kuyumba kutegemea kama vitabu viliandikwa sawasawa.

Nataka kijana wangu wa darasa la tatu awe anatembeza karanga baada ya shule ili ajue hela inavyotafutwa. Mke wangu hataki. (Baba, Kiboriloni)

Niko upande wa mkeo, kaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa chini wa kazi kuwa miaka 14, na hata hapo ni kazi nyepesi isiyogusa masomo. Kuna na jambo lingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka shule za Ghana ulionyesha kwamba watoto waliofundishwa mambo ya fedha peke yake walielekea kufanya kazi zaidi kuliko wasiofundishwa. Kwa kundi lililofundishwa pamoja na haki zao na wajibu wao, hilo halikujitokeza. Somo la fedha linaweza kumsukuma mtoto barabarani bila sisi kukusudia.

Unachokitaka unaweza kukipata kwa njia nyingine. Jumamosi nenda naye soko la Mbuyuni asubuhi. Akuone unauliza bei ya nyanya kwa watu watatu kabla ya kununua, na umuulize yeye fungu lipi lina faida. Au mpe tuta moja la mchicha nyuma ya nyumba: mbegu ununue wewe, kumwagilia amwagilie yeye, na siku mama yake anapochuma mboga, alipwe kama mnavyomlipa muuzaji. Shule zetu zilikuwa na mashamba ya elimu ya kujitegemea tangu 1967, na yalifaa pale watoto walipoambiwa mazao yaliuzwa bei gani na hela ilikwenda wapi. Palipokuwa na jembe bila hesabu, walijifunza kulima tu.

Mjukuu wangu haoni hela. Anaona simu tu. Anadhani nikibonyeza, inatoka. (Bibi, Machame)

Shikamoo bibi. Kila ukitoa hela kwa wakala, msomee ujumbe kwa sauti: kiasi ulichotoa, makato, salio lililobaki. Aandike salio la kabla na la baada, apige mwenyewe hesabu ya kutoa. Makato ndiyo yanayowashtua watoto, na ni vizuri yawashtue. Namba ya siri usimpe, hata kama yeye ndiye anayekusomea maandishi madogo.

Karibu na shule yetu pana mashine ya kamari ya sarafu. Wanafunzi wa darasa la nne wanaingiza hela ya kula. (Mwalimu, Ngarenaro)

Hapa somo la darasani halitoshi. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Andikeni barua kwa serikali ya mtaa, nakala kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kamati ya shule isaini. Fanyeni wiki hii.

Nikifundisha kuweka akiba, kuna watoto wanainamisha vichwa. Hawaji na hata mia. Nafundisha nini kwa hao? (Mwalimu wa darasa la kwanza, Moshi)

Asante kwa kuwaona, maana wengi hatuwaoni. Usiulize kamwe darasani nani kaja na shilingi ngapi. Usimsifu aliyeweka nyingi mbele ya wenzake, wala usitundike orodha ya akiba ukutani. Hela za maboksi zinatosha kwa somo zima la mwaka, na kwenye duka la darasani mtoto asiye na kitu nyumbani anaweza kuwa ndiye mwepesi zaidi wa chenji, kwa kuwa ndiye anayetumwa dukani na majirani. Mpe kaunta. Kama wewe au mwenzako mnauza ubuyu au karanga darasani wakati wa mapumziko, acheni. Mtoto hawezi kumkatalia mwalimu wake, na asiye nacho hana pa kujificha. Siku mkienda sokoni kwa mafunzo, fedha ya kununulia itoke shuleni, kila kundi lipewe kiasi kilekile, na kitakachonunuliwa kipikwe kiliwe na wote.