Yai la Kiumbe wa Kubuni Huanzia Kiotani

Ukipitia kazi za vijana wanaojifunza kutengeneza katuni na michezo ya simu, Unguja na Pemba kama kwengine, yai la kiumbe hulitambua kwa mbali: duara lililorefushwa kidogo, zambarau, madoa ya kijani, na mwanga unaopwita ndani. Yai hilo laweza kuwa la joka, la samaki, la ndege au la mdudu, na kasoro yake iko hapo hapo. Halimwambii mtazamaji chochote juu ya mama aliyelitaga. Ushauri wetu ni mmoja, na mengine yote yanaufuata: amua kwanza yai litatagwa wapi na nani atatoka ndani yake. Umbo, ganda na rangi vitafuata kwa sababu zake. Mapambo yaje mwisho kabisa.

Walimu wa kazi hii wako karibu nasi. Kasa anayepanda kutaga katika fukwe za visiwa vya Misali au Mnemba huchimba shimo la kama nusu mita, akaangusha humo mayai mia moja na kitu, moja juu ya jengine. Kila yai ni duara kamili, kipenyo chake milimita 45 hivi, jeupe, na ganda lake hunyumbuka. Kila sifa hapo ina kazi. Ganda lanyumbuka kwa sababu yai linaanguka juu ya mwenzake, na ganda gumu lingepasuka. Ni jeupe kwa sababu liko chini ya mchanga na halina haja ya kufichwa kwa rangi. Bundi naye hutaga meupe, kwa kuwa hutaga tunduni. Kware hutaga chini mahali pa wazi, na yai lake limejaa mabaka meusi na ya hudhurungi yanayolipoteza kwenye majani makavu. Mjusi wa ukutani hubandika mayai mawili magumu nyuma ya kabati. Ngisi hufunga yake katika vifuko vyeupe virefu vinavyoning'inia kwenye matumbawe au majani ya bahari. Pweza hutundika nyuzi za mayai madogo madogo kwenye dari ya pango lake, akayasafisha na kuyapulizia maji mpaka yaanguliwe, naye hafi mpaka kazi hiyo iishe.

Kwa hiyo kabla hujafungua programu yoyote, andika majibu ya maswali haya matatu kwenye karatasi. Yai liko wazi, limefukiwa, au limo majini? Mama analinda au anaondoka? Mtoto anatokaje: kwa kudonoa, kwa kuchana, au kwa kuyeyusha?

Tuchukue mfano wa mjusi mkubwa wa mikoko, wa kubuni, anayeishi sehemu kama ghuba ya Chwaka. Hapo maji ya bamvua hupanda na kushuka mita kadhaa. Yai lililolala chini litachukuliwa na maji, basi lazima lishikamane na mzizi. Ganda gumu likigongana na mzizi litavunjika, basi liwe la kunyumbuka. Sehemu iliyozama kila siku itaota mwani na kushika tope, na ya juu itabaki safi. Ukishachora mstari huo wa maji, yai limekwisha kupata hadithi yake bila doa hata moja la kijani la kubandika. Tena ukitaka kanuni ya mchezo, mayai na yaanguliwe kwenye bamvua tu. Huko California yupo samaki anayeitwa grunion anayefanya hivyo hasa: hutaga mchangani wakati wa bamvua, na mayai husubiri maji makubwa yanayofuata ndipo yaanguliwe.

Ukubwa

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtoto mwenye mabawa, mkia na pembe hutoka kwenye yai ambalo kichwa chake peke yake kisingeingia. Ipo hesabu nyepesi ya mayai ya ndege: ujazo kwa sentimita za ujazo ni 0.51 mara urefu mara upana mara upana. Tuseme yai letu la mikoko ni la sentimita 14 kwa 10: lina ujazo wa 714, na uzito wake ni gramu 770 hivi. Kifaranga cha kuku huwa karibu theluthi mbili ya uzito wa yai alilotoka. Kwa kipimo hicho, yai letu la mikoko linatoa mtoto wa nusu kilo. Ukitaka mtoto wa kilo 5, unahitaji yai la sentimita 30 kwa 22, na huo ni ukubwa wa mayai ya ndege-tembo wa Madagascar aliyekwisha toweka. Basi tengeneza mtoto kwanza, mkunje miguu na shingo mpaka awe donge, kisha mvike ganda. Asipokunjika, badilisha mtoto.

Kwenda juu ya ukubwa huo inawezekana katika kubuni, lakini jua unachovunja. Yai likikua, ganda lazima liwe nene ili lisiporomoke, na ganda nene hupitisha hewa kidogo. La kuku lina unene wa milimita 0.35 hivi, na la mbuni karibu 2. Yai la ukubwa wa nyumba litaaminika zaidi ukilipa njia ya kupumua inayoonekana: matundu, mirija, au ganda laini lenye mishipa kwa nje.

Kuhusu umbo, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science, uliopima mayai ya aina 1,400 hivi za ndege, ulionyesha kuwa ndege warukaji hodari huelekea kutaga mayai marefu zaidi au yaliyochongoka upande mmoja. Kiumbe anayeruka mpe yai lililochongoka. Anayetambaa na kufukia mpe duara, au refu lenye ncha mbili sawa.

Rangi na madoa

Karibu rangi zote za mayai ya ndege hutokana na kemikali mbili tu: moja ya hudhurungi iliyoiva, nyengine ya buluu ya kijani. Yai la kunguru wetu lina zote mbili, kijani cha samawati chini na vidoto vya hudhurungi juu. Ukijifunga kwenye rangi hizo mbili na nyeupe, yai lako litaaminika hata likiwa la joka. Zambarau haikatazwi, ila iwe na sababu, mfano yai linalojitangaza kuwa lina sumu.

Madoa hayatawanywi sawasawa kama kitambaa cha dukani. Kwenye mayai mengi hujikusanya upande butu, mara nyengine yakafanya duara zima. Na yai likizunguka wakati linapakwa rangi ndani ya mama, doa huvutika likawa mchirizi. Katika programu ya kuchora kama Krita au GIMP, paka madoa makubwa machache upande butu, ya kati katikati, vidoto upande mwembamba, kisha baadhi yavute kidogo yote kuelekea upande mmoja. Weka tabaka mbili: madoa hafifu ya kijivu chini na makali juu yake. Ganda huongezwa tabaka kwa tabaka, na madoa ya mwanzo hufunikwa. Bila ya hayo hafifu, yai huonekana limechorwa kwa kalamu.

Kulijenga

Katika Blender, programu ya kujengea maumbo ya 3D, wengi huanza na UV Sphere, yaani duara lake la tayari. Tatizo lake ni ncha: pembetatu hukutana pale juu na picha unayoivika ganda hukunjamana, tena mahali penyewe ndipo yai litakapopasuka. Anza na mchemraba. Uwekee modifaya (zana ya kubadilisha umbo) ya Subdivision Surface, inayogawa nyuso, ngazi ya 3, kisha Cast, inayoliviringa umbo, yenye thamani ya 1, uzikubali (Apply) zote mbili. Utapata duara la nyuso 384, yaani pembetatu 768. Kwa mayai ya mbali au mchezo wa simu dhaifu, ngazi ya 2 inatosha: pembetatu 192. Vuta kwenda juu mara 1.3. Bonyeza O, ili sehemu za jirani zifuate unayoivuta, shika upande mmoja na uubane kidogo. Sehemu pana kuliko zote isikae katikati kabisa, isogee upande butu.

Sasa bonyeza Ctrl na A ukubali vipimo (Scale), kabla ya kulipa ganda unene kwa modifaya ya Solidify. Ukiruka hatua hii, unene utakuwa mkubwa juu na mdogo ubavuni, na utaligundua hilo siku ya kupasua, umechelewa. Unene halisi ukiutumia hauonekani kwenye kioo. Uzidishe hadi sehemu 1 kwa 35 ya urefu. Ukifika 1 kwa 10, yai lishakuwa chungu.

Yai halisimami wima lenyewe. Wabunifu hulisimamisha kwa sababu umbo lake husomeka vizuri zaidi, na hilo linakubalika, lakini basi lizamishe theluthi ya chini kwenye mchanga, majani au tope.

Mng'aro nao uangalie. Roughness (kiwango cha ukavu wa uso) ya 0.55 inafaa ganda la kuku, 0.15 yai lililolowa ute. Vinyweleo vya ganda viwe vidogo mno, vionekane kamera ikikaribia tu. Vikiwa vikubwa utapata chungwa.

Mwanga wa ndani

Watu wengi huweka taa katikati ya yai wakatosheka. Jaribu badala yake kupiga tochi yai la kuku lililoatamiwa siku 7, usiku, chumba cheusi, tochi ya simu ikigusa upande butu. Utaona rangi ya chungwa iliyoiva, kiinitete kama doa jeusi, mishipa ikisambaa kutoka kwake, na upande butu nafasi tupu ya hewa. Kadiri siku zinavyokwenda, kiumbe hujaza yai na kulifanya jeusi, na nafasi ya hewa hupanuka. Piga picha haraka na umrudishie mama yai lake kabla halijapoa. Hapo umepata hatua tatu za mchezo bila kuandika neno kwenye kioo: angavu, lenye mishipa, na jeusi lenye mwanga juu tu. Mchezaji mdogo ataelewa yai lipi limekaribia.

Kiota cha kasa, lakini, hakifukuliwi kwa ajili ya picha. Kasa wanalindwa na sheria, na yai lake likigeuzwa baada ya saa za mwanzo, kiinitete hufa. Kuku hugeuza mayai yake kila siku. Mayai ya wanyama wa jamii ya kasa na mijusi hayataki kugeuzwa. Kanuni hiyo ni tamu kwa mchezo wa kubeba mayai: la ndege ligeuze, la mjusi libebe bila kulipindua.

Kuanguliwa

Yai lililopasuliwa kwa Cell Fracture, zana ya Blender ya kuvunja vitu vipande, kwa pigo moja huruka vipande kama kioo cha dirisha. Yai lenye kifaranga halifanyi hivyo. Chini ya ganda kuna utando, nao hushika vipande vikaning'inia. Tena kifaranga hudonoa kutoka ndani, upande butu penye hewa, kingo zikainuka kuelekea nje, kisha hujizungusha akikata duara mpaka kifuniko kinyanyuke. Kwa hiyo kata kwa mkono, kwa kisu cha Blender (kitufe cha K), mstari usionyooka theluthi moja kutoka juu. Acha kifuniko kiwe kipande kimoja kikubwa, na vipande vidogo 12 hadi 15 viwe kandokando ya mstari tu. Ndani kuwe na utando mweupe, wenye nyuzi pembezoni. Yai laini halidonolewi, linachanwa: mpasuko mrefu mmoja au miwili, ute unatoka, ganda linanywea.

Kwa fremu (picha) 24 kwa sekunde, mtiririko huu hufanya kazi vizuri: mtikisiko wa fremu 6, kimya 30, mtikisiko 8, kimya 18, mtikisiko 10, halafu kimya cha fremu 22, na ufa ujitokeze kwa fremu 2. Kifaranga wa kweli hupumzika sana, huchukua hata nusu siku au zaidi tangu tundu la kwanza, na mapumziko hayo ndiyo yanayomfanya mtazamaji ashike pumzi. Mtikisiko unaojirudia sawasawa bila kukoma ni wa mashine. Ganda gumu lizungushe nyuzi 3 hadi 5 tu na usilibonyeze kamwe. Laini libonyeze hadi asilimia 10, likivimba pale mguu unaposukuma.

Kwenye simu epuka ganda la kupenyeza mwanga. Mayai kumi yaliyopangana ya namna hiyo huilemea simu ya bei nafuu, kwani kila moja huchorwa juu ya jengine. Chora mwanga ndani ya picha yenyewe. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024 hubeba mayai manne ya 512 kwa 512. Ukiyachora kwa kijivu na kuyazidisha kwa rangi ndani ya Godot, programu ya kuundia michezo, utapata aina nyingi kwa gharama ya chache.

Kisha fanya jaribio hili kabla hujamwonyesha mtu: punguza mayai yako yote hadi pikseli 64, ondoa rangi, yapange safu moja juani kwenye simu yenye mwanga hafifu. Yale mawili usiyoweza kuyatofautisha, rudi nayo kwenye karatasi ya maswali matatu, kwa sababu bila shaka umeyapa kiota kimoja.