Filamu ya harusi yenye vurugu kwa usiku wa kuamkia sendofu

Ndugu yangu, umeuliza ni filamu ipi ya mapenzi na vichekesho, yenye harusi iliyovurugika, inayofaa kutazamwa na familia nzima pale Kirumba usiku wa kuamkia sendofu ya dada yako. Mimi ningechagua The Wedding Party ya Nigeria, iliyotoka mwaka 2016 chini ya uongozaji wa Kemi Adetiba, kwa kuwa vurugu zake tunazijua: bibi harusi ni Myoruba, bwana harusi ni Mwigbo, wazazi wanatunishiana misuli, na wageni wasioalikwa wanaingia ukumbini kwa kujiamini kuliko walioalikwa. Nilipoitazama niliwakumbuka wajomba zetu wa Nansio, ambao meli yao ilichelewa, wakafika mshereheshaji akiaga na masufuria ya pilau yakikwanguliwa, kisha wakadai kwa utulivu kabisa vichwa vya sato walivyoahidiwa. (Waigizaji wakuu wawili, Adesua Etomi na Banky W, walioana kweli mwaka 2017; habari hiyo itawafurahisha mashangazi.)

Four Weddings and a Funeral ya Uingereza, ya mwaka 1994, ni nzuri pia, hasa pale msimamizi wa bwana harusi anapogundua madhabahuni kwamba amesahau pete. Hata hivyo, inafunguka kwa matusi mfululizo, hivyo usiiwashe bibi akiwa sebuleni.