Shimo la Kola: hakuna jehanamu, kuna maji na joto

Mkuu hiyo stori kwamba Warusi walichimba mpaka wakasikia watu wanalia motoni ni chai tu. Shimo lenyewe lipo kweli, Kola, kaskazini magharibi mwa Urusi, walianza 1970 na kufika 1989 walikuwa mita 12,262, yaani kilomita 12 na ushee, na upana wake kama sahani ya chakula tu, sentimita 23 hivi. Sasa utamu uko hapa: walitegemea wakifika kama kilomita 7 mwamba wa graniti uishe waukute wa aina nyingine, basalti, wapi bwana, wakakuta graniti ileile ila imepasukapasuka na nyufa zimejaa maji, maji kina chote hicho! Tope la kuchimbia nalo likawa linarudi juu linatoka povu kwa gesi ya haidrojeni kama uji unaochemka.

Kilichowakwamisha ni joto, walipiga hesabu ya nyuzi 100 wakakutana na 180, mwamba ukawa laini kama plastiki. Na hapo hata nusu ya ganda la dunia hawajafika, pale lina unene wa kilomita 35 hivi. Siku hizi limezibwa na kifuniko cha chuma chenye kutu, ukipita haraka utadhani chemba.