Muulize Mzee wa Genge: Reli imenimwagia nyanya

Kwa msomaji mgeni: nilikuwa mtu wa genge, wale wanaotembea juu ya mataluma, yale yanayolazwa chini ya reli kuibeba, na nyundo begani wakikagua reli. Nilipostaafu nikafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli chini ya mwembe hapa Tabora. Barua za mwezi huu zinahusu kuvuka reli, kwa hiyo leo nimeshika nyundo na spana pamoja.

SWALI: Mwangaluka, Mzee. Mimi nauza nyanya, kila alfajiri nazileta sokoni kwa baiskeli. Juzi manyunyu yamekatika tu, nikafika kwenye reli. Sikuwa na mwendo, breki nzima. Ghafla usukani ukanikataa, nikaenda chini na tenga zima. Mume wangu anasema tairi la mbele limekwisha ninunue jingine. Nimeliangalia, bado lina meno. Nilikosea wapi? — *Muuza nyanya, Tabora*

JIBU: Mwangaluka, mwanangu, na pole. Hela ya tairi iweke, utanunulia nyanya nyingine.

Siku moja, treni ikiwa haipo, simama pembeni pale barabara inapokata reli uangalie chini. Upande wa ndani wa kila reli kuna mfereji mwembamba. Gurudumu la treni lina ukingo ulioshuka upande wa ndani, ndio unaolishikilia njiani, na ukingo huo unapita humo. Mfereji una upana wa sentimita 6 hivi, mahali pengine umezidi. Tairi la Phoenix yako lina kama sentimita 4. Unaona mwenyewe nani anamezwa na nani.

Ukiikata reli kama mtu anayechora msalaba, tairi linavuka pengo la sentimita 6 likadunda kidogo na safari inaendelea. Ukija mshazari, pengo lilelile linarefuka chini ya tairi. Kwa nyuzi 30, sentimita 6 zinakuwa 12. Tairi linazama, gurudumu linaifuata reli, wewe na nyanya mnaifuata barabara. Hapo hakuna fundi wa usukani. Naweka dau kwamba barabara yako inaikata reli mshazari, nawe ulinyoosha tu kama barabara ilivyokupeleka.

Ongeza manyunyu. Mgongo wa reli umesuguliwa na magurudumu mpaka unang'aa kama kijiko. Tone la kwanza la mvua likichanganyika na vumbi na oili ni baya kuliko mvua ya kutwa nzima, maana mvua kubwa huosha. Hata ukikata msalaba sawasawa, ukibana breki au ukikunja usukani tairi likiwa juu ya chuma kilicholowa, utalala.

Basi fanya hivi. Hatua kama 20 kabla ya reli punguza mwendo, geuza shingo uangalie nyuma. Nasema nyuma, kwa sababu bodaboda hajui kwamba unataka kujitanua barabarani ili uiendee reli ikiwa mbele yako sawasawa. Wengi hukwepa mfereji wakaingia chini ya pikipiki. Ukiona salama, jitanue, nyoosha usukani, acha kukanyaga, pedeli zilale sawa, makalio yainuke kidogo kwenye siti, pita bila breki. Na ukiwa na tenga, gunia la mkaa au mtoto kwenye keria, shuka uikokote. Vijana watakucheka. Mimi walinicheka, na niliifunga ile reli kwa mikono yangu.

Umeuliza pia pembeni ya barua kama tairi pana la baiskeli ya milima litasaidia. Kidogo. Lina sentimita 5 na ushei, kwa hiyo bado linaingia.

Kuna jambo linanikera, niliseme hapa hapa. Watu wema huokota mawe wakajaza ule mfereji baiskeli zisizame. Jamani! Jiwe likikaa pale, ukingo wa gurudumu unapanda juu yake, na gurudumu likishapanda linaweza kutoka njiani na behewa zima. Kila asubuhi kazi yetu mojawapo ilikuwa kuchokonoa matope na kokoto mle kwa ncha ya chuma. Mkiona lami imebomoka kando ya reli, au mbao za kivuko zimeoza, toeni taarifa stesheni. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka taarifa ya shimo la namna hiyo, ofisi moja ikanituma ofisi nyingine, nikarudi nyumbani na soli imetoboka. Nilirudi tena wiki iliyofuata. Lilizibwa.

SWALI: Shikamoo Mzee. Naishi Kigoma, wanangu wanavuka reli kwenda shule. Mabehewa ya mizigo yakisimama muda mrefu, watoto wanapita chini yake, na watu wazima pia. Wanasema kichwa hakipo, yatakwendaje? — *Mama wa watatu, Kigoma*

JIBU: Marahaba, mama. Hii barua niliisoma mara mbili, nikaacha pancha ya mteja.

Kichwa kisichoonekana ndicho cha kuogopwa. Mabehewa yakipangwa, kichwa kinaweza kuwa kwenye ncha ya mbali kabisa kikisukuma, na anayeendesha hawezi kumwona mtoto aliye chini ya behewa la mwisho. Mabehewa huungwa kwa vishikio vyenye nafasi kidogo, kichwa kikigusa utasikia ka-ka-ka-ka linakuja toka huko. Ukishalisikia ukiwa chini, umechelewa.

Waambie wazunguke au wasubiri. Adhabu ya kuchelewa namba haifanani na hiyo. Na treni ikishapita, wasikurupuke: wahesabu mpaka kumi, waangalie pande zote mbili, kwa sababu stesheni ina njia zaidi ya moja na treni ya kwanza inaficha ya pili. Wakisubiri wasimame mbali, maana behewa limeizidi reli kwa zaidi ya nusu mita kila upande. Anayesimama kwenye kokoto anadhani yuko nje, kumbe yuko ndani.

Kama shule iko tayari, ombeni mwalimu wa zamu asimame kivukoni saa za kwenda na kurudi. Ni kazi ya dakika chache.

SWALI: Mzee, babu yetu alitufundisha kulaza sikio kwenye reli kusikia treni kama inakuja. Bado inafaa? — *Kijana wa Tambukareli, Tabora*

JIBU: Kumbe unakaa kwenye kata iliyopewa jina la kazi yenyewe! Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kutambuka kwenyewe hatujamaliza kujifunza.

Babu hakudanganya, chuma kinapeleka sauti mbali. Lakini sikio halitakwambia inatoka upande gani wala iko umbali gani, na umelaza kichwa mahali pa gurudumu. Tena kuna kiberenge, kigari cha sisi watu wa genge: chepesi, kelele zake ndogo, nasi tulikuwa tukikiendesha bila ratiba mnayoijua nyie. Tumia macho, toa vile visikilizio vya simu masikioni. Na ukiiona treni kwa mbali usijiambie inatambaa. Kitu kikubwa kinachokujia usoni huonekana kinakwenda polepole kuliko mwendo wake, na ya mizigo iliyoshiba huweza kuhitaji kilomita nzima kusimama hata dereva akikuona na kubana breki zote.

SWALI: Baba yangu anatumia baiskeli ya magurudumu matatu ya mkono. Akivuka reli tumsaidieje? — *Binti yake, Tabora*

JIBU: Asivuke peke yake pale palipobomoka. Mwelekezeni reli iwe mbele yake sawasawa, mtu mmoja nyuma akisukuma, mwingine ainue gurudumu la mbele juu ya mfereji wa kwanza, halafu wa pili. Kabla ya kuanza, angalieni njia yote ikiwa tupu, maana kurudi nyuma katikati ni kugumu kuliko kumaliza. Mkikwama, mtoeni baba kwanza. Baiskeli nitaitengeneza mimi.